Tupeane uzoefu: historia ya darasani na ya nyumbani

Wakuu, binti yangu yuko kidato cha kwanza na wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Sisi tulikariri kwa Kiingereza, hoja sita kila swali, mtihani ukipita umesahau. Sasa bibi yake analisoma daftari, na ugomvi ndio umeanzia hapo: anasema mengi yamerukwa. Nyie shuleni mliambiwa nini, na nyumbani mkasikia nini? Matusi hapana.

Mngoni: Darasani Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani ilikuwa 1905 hadi 1907, mganga Kinjekitile, maji ya kugeuza risasi, sababu za kushindwa, kengele ikalia. Babu alikuwa hasimulii risasi hata kidogo. Alisimulia njaa: Wajerumani walichoma ghala na mashamba, watu wakala mizizi, na njaa ikaua kuliko bunduki. Na wazee walionyongwa Songea Februari 1906 sikuwahi kuwaona kwenye daftari. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja kuomba radhi Songea Novemba 2023, jirani yangu mwenye digrii akaniuliza, "Radhi ya nini?"

Mie wa Ng'ambo: Huku Zanzibar skuli Mapinduzi ni 12 Januari 1964, basi. Jina la John Okello, aliyeyaongoza, nimelisikia kwa babu, si kwa mwalimu. Kwetu upande wa mama walishangilia, upande wa baba walikimbilia Omani. Idi tunakula sinia moja, lakini mwezi huo hautajwi.

Gerezani: Sisi tuliambiwa TANU, chama cha uhuru, 1954, kama vile ilidondoka. African Association ya 1929 iliyoitangulia, ya akina Kleist Sykes, mstari mmoja. Nyanya alikuwa kwenye vikundi vya ngoma alivyovizungukia Bibi Titi kuingiza wanawake chamani. Hilo hakuna aliyelitungia swali.

Ticha: Mnatuonea. Darasa limefurika, vitabu vya kugombania, na mtihani unataka hoja. Nikiwatuma watoto wakahoji wazee, mzazi anakuja juu kwamba sifundishi. Halafu si kila la babu ni kweli, jamani. Mmoja aliniletea kwamba Mkwawa alikamatwa akiwa hai. Mkwawa alijiua 1898! Tukakaa kipindi kizima tunabishana, na ndicho kipindi pekee ambacho hakuna aliyesinzia.

Mleta mada: Ticha, yale maswali unayowapa wakahoji wazee yatupie hapa. Bibi yupo Jumapili na kalamu ninayo.