Pikapu ya zamani: Hilux 3L, Isuzu TFR ama Peugeot 504?

Nyasi_Joska
Habari zenu wadau. Nimechoka kukodisha pikapu ya watu kila wikendi, sasa nataka yangu. Nimeona tatu, na nataka kuamua kabla ya mwisho wa mwezi juu wenye magari wanasema kuna wengine wanaulizia. Kuna Hilux ya injini ya 3L, kuna Isuzu TFR, na kuna Peugeot 504. Zote zinawaka na zinatembea. Nichukue gani?

DizeliTupu
Bosi umeuliza lakini hujatupa kitu. Bajeti ni ngapi? Utabeba nini, na njia ni lami ama ni murram? Hiyo Hilux inavuta magurudumu yote manne ama ya nyuma tu? 504 ni petroli ama dizeli?

MamaMaziwa
Na logbuku, ile hati ya umiliki, iko kwa jina la nani? Anza hapo, injini baadaye. Linganisha namba ya injini na ile iko kwa logbuku, hizi gari za zamani za namba za KA nyingi zimeshabadilishwa injini na mwenyewe hakuwahi kuenda NTSA, wale wa kusajili magari, kuandikisha.

TFR_Milele
Mimi sihitaji kujua mengine, chukua Isuzu. Injini yake, 4JA1, ni 2499cc na dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, haina kile chumba kidogo cha pembeni kama 3L. Ndio maana inawaka asubuhi ya baridi ya Limuru bila kungoja hita, na inakunywa kidogo. Kelele iko, siwezi kataa, lakini hii gari imekuwa ikiundwa hapa Mombasa Road tangu ikiitwa General Motors mpaka jina likabadilika kuwa Isuzu East Africa 2017, kwa hivyo ukiharibikia Kitui ama Narok utapata fundi amekua akiifungua na Kirinyaga Road spea zake ziko duka hadi duka.

HailuxDamu
TFR inabeba lakini inachosha mgongo. Hilux ukitunza utaiuza baada ya miaka mingi na pesa yako karibu yote inarudi. 3L ni 2779cc, haina tabo, haina kompyuta, ni dizeli na hewa tu. Kama ni modeli ya LN106, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, basi mbele iko na ekseli nzima na springi za majani, murram ya Kajiado haiisumbui.

DizeliTupu
@HailuxDamu ya 3L umeruka shida moja kubwa. Timing, yaani mpangilio wa valvu kufunguka na kufunga, inaendeshwa na mkanda, ukikatika valvu zinapinda. Na ikishawahi kuchemka, silinda hedi inapasuka katikati ya valvu, na nyingi za umri huo zimeshachemka. Kijana aende asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, afungue kifuniko cha radieta, awashe, aangalie kama mapovu yanakuja bila kukoma. Halafu afungue pa kumwagia oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipuliza moshi kama jiko, ringi zimeisha. Na mwenye gari akiwa ameiwasha mapema ikapata moto kabla ufike, mwambie utarudi siku nyingine.

HailuxDamu
Mkanda unabadilishwa kila kilomita laki moja, si ugonjwa huo. Mtu asiyebadilisha mkanda ataua gari yoyote.

Viazi_Njabini
Nyinyi mnabishana injini na injini inafunguliwa na kufungwa kila siku pale Kariobangi Light. Kitu ya kuogopa ni chesisi. Nilinunua pikapu kwa broka mmoja hapa Nairobi, jina la gari nawacha juu si kosa la aliyeiunda. Rangi inang'aa, injini inalia vizuri, moshi hakuna. Chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi mpya na broka akasema hiyo ni ya kuzuia kutu. Kumbe gari ilikuwa imefanya kazi Pwani maisha yake yote, chumvi ikakula chesisi kutoka ndani, wakachukua vipande vya bati wakachomelea juu ya matundu na wakafunika na hiyo lami. Sasa tumepakia viazi Njabini, mzigo wa kawaida tu, tunashuka kuelekea Flyover, mlango wa dereva ukaanza kukataa kufunga. Ukiuvuta unarudi. Mbele kidogo nikasikia bati linasaga nyuma ya kichwa, kuangalia kwa kioo naona bodi ya nyuma imeinamia kabini mpaka zinagusana juu. Tulisimama Kimende, fundi akalala chini, akachukua bisibisi akaisukuma kwa chesisi ikaingia mpaka mpini. Upande mmoja ulikuwa umekatika kabisa na ule mwingine ndio ulikuwa umetushikilia kwa hiyo barabara ya malori. Broka aliacha kushika simu. Kutafuta chesisi nyingine ni pesa nyingi na bado namba yake ndiyo iko kwa logbuku, huwezi kuweka tu ya gari nyingine ukanyamaza. Niliishia kuuza injini peke yake, giaboksi peke yake, difu peke yake. Tafadhali lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kutoka mbele mpaka nyuma, hasa pale kabini inaishia na bodi inaanza, na pale springi zimeshikwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Ukiona lami mpya, kwangua.

MamaMaziwa
Pole sana Viazi. Shukuru Mungu haikuwa usiku.

Nyasi_Joska
Asanteni wote. Nilisahau kusema. Bajeti ni laki nne na nusu mwisho. Nabeba nyasi na chakula cha ng'ombe kutoka Nairobi mpaka Joska, saa zingine mbao, mara moja kwa wiki, lami karibu yote isipokuwa ile ya kuingia kwangu. Hilux inavuta nyuma tu. TFR iko Kitengela, mwenyewe ni wa pili. 504 ni petroli ya 1.8, ni ya baba mdogo, imekaa Machakos tangu ainunue, anataka laki mbili.

DizeliTupu
Sasa hayo ndiyo ungeanza nayo! Gari unajua nani ameiendesha na imelala wapi kila usiku, tena Machakos hakuna chumvi, na unaiweka mwisho wa orodha?

TFR_Milele
Lakini ni petroli ya kabureta. Ipakie nyasi uone venye itakunywa.

MzeeKasarani
Vijana wangu, mmeitaja 504 mara moja mkaikimbia. Hiyo pikapu inabeba tani moja na zaidi na bado kiti chake kinakufanya ushuke ukiwa mzima. Gia iko kwa usukani, mkono wako hauendi mbali, na watu watatu wanakaa mbele bila kusukumana. 504 ilishinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas ingawa hiyo ya pili ilikuwa kupe ya V6, na hizo rally zilikuwa za matope kweli. Pointi, kabureta, pampu ya petroli, vyote unarekebisha kando ya barabara ukiwa na spana chache. Ukiiendesha asubuhi Kangundo Road dirisha likiwa wazi utanikumbuka.

HailuxDamu
Mzee kwa heshima, spea utatoa wapi? Taa ya nyuma tu, ama raba ya kioo cha mbele?

MzeeKasarani
Ziko. Kirinyaga Road kuna maduka bado yanaweka, na zingine unatoa kwa gari zilizolala. Unatembea, unauliza, unapata. Lakini ni kweli si kama Toyota, inabidi ununue kabla hujahitaji.

Risiti_Kwanza
Yoyote utakayochukua, kumbuka pikapu kwa sheria ni gari ya biashara ata kama unabeba nyasi zako mwenyewe. Inspeksheni kila mwaka, bima ya biashara, na ile kodi ya mapema ya KRA, mamlaka ya kodi, ambayo tangu 2024 haishuki elfu tano kwa mwaka. Uliza kama muuzaji amelipa ya nyuma.

TFR_Milele
Hiyo kodi ni wizi. Mtu ana ng'ombe tatu analipishwa kama ana kampuni.

Risiti_Kwanza
Si ya kupotea. Ukijaza ritani inatolewa kwa kodi yako ya mwaka. Shida watu hawaijazi hiyo sehemu.

MamaMaziwa
Na kama mwaka huo huna kodi ya kulipa?

Risiti_Kwanza
Inabaki kama deni lao kwako, unaomba urudishiwe. Inachukua muda.

Nyasi_Joska
Sawa. Jumamosi naanza Kitengela na nyundo, halafu Machakos. Hiyo Hilux bado sijaitoa kwa akili, ina bodi nzuri sana.

Viazi_Njabini
Bodi usiangalie! Tuma picha za chini.

DizeliTupu
Na kama ni 504, springi za nyuma zipelekwe kuongezwa jani moja kabla ya kupakia nyasi. Kuna yule fundi wa springi Kariobangi, karibu na hapo wanapopinda mabomba ya ekzosi.

HailuxDamu
Huyo bado yuko? Nina TFR ya jirani imelala upande mmoja. Jumapili anafungua?

DizeliTupu
Anafungua baada ya saa nane. Enda na yubolti zako mpya, zile za kushika springi kwa ekseli, zake zimechomolewa kwa gari zingine.