Mrejesho: friji ya kwenye Hiace haizimi tena usiku

Wakuu, niliuliza kwa nini friji ya volti 12 inazima saa nane usiku wakati betri ni mpya na sola ya wati 200 ipo. Aliyesema "pima waya" alipatia. Kwenye betri volti 12.5, kwenye soketi ya friji 11.1 kompresa ikiwaka! Fundi alifunga kiwaya chembamba kama cha spika, volti zinapotea njiani na friji inajizima ikidhani betri imeisha. Nimeweka wa milimita 6 za mraba, na fyuzi jirani na betri.

Tumelala Ziwa Natron siku tatu, joto lile, maji baridi muda wote. Kilichotuangusha ni maji ya kuoga, dumu mbili tu za lita 20: mdogo wangu anaoga kama yuko kwa shemeji.