Viazi vitamu vya vuli Malindi: mbegu gani imekuwahia? Tupeane uzoefu

Asalaam aleikum wakulima. Vuli yetu yatuchezea. Oktoba yanyesha, Januari matuta yashapasuka. Nilipewa marando, yale mashina ya kupanda, na jirani wa Ganda, kiazi cheupe kisicho na jina, twakiita cha zamani tu. Kilitambaa hadi mpakani, mbuzi wakashiba matembele. Miezi minne ilipotimia nikafukua: vidole vitupu! Viazi vya futari nikanunua sokoni, na mimi ndiye mkulima. Nani kapanda nini, na kachimba lini?

Mwana wa Sabaki
Pole ndugu yangu. Mimi napanda Kabode, ile mbegu ya rangi ya karoti iliyotoka Uganda. Baada ya miezi mitatu na nusu nilianza kudokoa, navifukua vilivyonona na kurudisha udongo. Lakini miye niko bondeni, unyevu wa mto wanisaidia, kwa hivyo usinihesabie yote kuwa sifa ya mbegu. Mbegu nyingine, SPK 004, niliipanda pia. Tamu, ila yataka miezi minne hadi mitano, na niliipanda Novemba. Jua likaiwahi.

Bi Mkubwa wa Gede
Na kwenye sufuria je? Hivyo vya karoti mume wangu alisema nimempikia boga. Sasa naanza na tui la pili, kiazi kikikaribia kuiva ndio natia tui zito na iliki, sikorogi. Havipondeki. Wajukuu hawataki tena vyeupe.

Mkavu wa Marafa
Huku hakuna mto. Kinachonimaliza ni fukusi, yule mdudu wa viazi: ardhi ikipasuka, anaingia kwa ule ufa hadi kwenye kiazi. Ukikata, kichungu, hata mbuzi akinusa aenda zake. Siku hizi kila nikipalilia napandisha udongo kwenye tuta, na vikikomaa nachimba vyote. Kuvihifadhi ardhini nimeacha.

Shamba la Hindi, Lamu
Mwataja mbegu, hamtaji marando. Vuli mbili nilikosea hapo. Mvua yaanguka, ndipo naanza kuhangaika kutafuta vipando, nikipata mwezi ushakwisha. Mbegu ya miezi mitatu na nusu ikipandwa Desemba itafaa nini? Sasa nina kitalu kidogo nyuma ya bafu, maji ya kuogea yapita hapo kiangazi chote. Mvua ya kwanza ikilowesha tu, nakata ncha za marando, kama sentimita 30. Shina la chini siligusi, fukusi hutaga huko.

Mwana wa Sabaki
Hapo umenena. Na msinunue marando njiani. Mimi niliapiwa ni mbegu ya Vita, nayo ya rangi ya karoti, nilipofukua vyeupe pe!

Aliyeanzisha
Bafu ninalo, mbuzi ndio tatizo. Mwana wa Sabaki, vipando vya Kabode waniwekea vingapi? Matuta manne yanitosha kwa kujaribia.