Mwimbaji na mpiga kanuni wanaondoka: kundi tulivunje au jina libaki?

fidla_ya_chake:
Assalam aleikum. Mimi napiga fidla, kwetu Chake Chake ila nakaa Kikwajuni. Tuna kundi dogo la taarab: udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), fidla, besi, kigoma cha dumbak na mwimbaji mmoja wa kike. Kazi zetu harusi, na hoteli za Nungwi na Paje msimu wa wageni. Sasa mwimbaji kaolewa, anahamia Muscat, na mpiga kanuni kapata kazi Dar. Waliobaki wanataka tulivunje. Mimi moyo haunipi. Siku hizi nasikiliza sana bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa Marekani wenye banjo na fidla, na naona makundi yao watu wanatoka na kuingia, jina lipo palepale. Wanawezaje? Na kwetu itawezekana?

dumbak_ngambo:
Kwa harusi ni vigumu, dada. Mwenye shughuli anaitaka sauti aliyoisikia kwa jirani yake. Wanawake wakinyanyuka kutunza, wanamtunza mwimbaji. Sisi wa nyuma hawatuoni.

babu_wa_mkunazini:
Waalaikum salaam mwanangu. Msilivunje.

Umetaja bluegrass, basi muangalie Bill Monroe mwenyewe, baba wa muziki huo, mzaliwa wa Kentucky, 1911. Kundi lake, Blue Grass Boys, liliingia kwenye kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kule Nashville mwaka 1939. Mwisho wa 1945 akampata Earl Scruggs, kijana anayepiga banjo kwa vidole vitatu, na gitaani yupo Lester Flatt, ambaye pia akiimba. Sauti ya miaka ile ndiyo iliyoupa muziki wote sura yake, na jina la kundi ndilo likawa jina la muziki. Halafu 1948 wote wawili wakaondoka, wakaunda kundi lao. Piga picha: umeondokewa na banjo na mwimbaji kwa mpigo! Monroe akatia vijana wengine, akaendelea mpaka alipofariki 1996. Waliopita mikononi mwake wanazidi mia.

Aliweza kwa sababu mgeni akiingia alikuta nafasi yake imeshachorwa. Hawana ngoma wale. Mandolini inakata pigo, besi inashika chini. Kila mmoja zamu yake ikifika anasogea kwenye maikrofoni, akimaliza anampisha mwenziwe. Kijana mpya alijua asimame wapi na anyamaze lini.

Lakini kundi lile lilikuwa la mtu mmoja, na hapo ndipo mimi nawapenda zaidi wazee wetu. Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarab cha hapa Unguja, ipo tangu 1905. Culture Musical Club tangu 1958. Hivi ni vyama, wenyewe ni wanachama. Chipukizi anakaa safu ya nyuma ya fidla, anazishika bashraf (zile tungo za ala tupu za kufungulia) moja moja, mpaka siku wa mbele hayupo naye anasogea. Mimi nimelelewa hivyo na sijaona njia nyengine inayodumu.

Na hili la kuwa watu wanafuata sauti tu silikubali. Bi Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na pamoja naye walikuwapo kina Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo, Subeit bin Ambari na Mbaruku. Amefariki 1950. Nyimbo zake mpaka leo zinaimbwa, na watu wanaitikia.

Kwa hiyo kabla hawajaondoka, kaeni muandike kila wimbo: shairi lote, maqam gani (yaani ngazi ya sauti za wimbo), nani anaanza, kiitikio kinarudi mara ngapi. Rekodini mazoezi, hata kwa simu. Kanuni ikikosekana, udi ufungue bashraf, inapendeza vilevile. Nendeni DCMA, chuo cha muziki cha hapa Zanzibar, mukatafute wanafunzi. Mwimbaji mpya asilazimishwe kupandisha sauti mpaka alikofika mwenziwe. Shusheni nyuzi mumfuate yeye.

sauti_ya_michenzani:
Mimi naimba, niongeze moja. Hayo mashairi ni ya nani? Kama katunga yeye, akifika Muscat akasikia mwengine anaimba bila ya kuulizwa, udugu utavunjika.

fidla_ya_chake:
Shukran sana, babu, na wewe dada. Nyimbo mbili maneno ni yake, mahadhi tulitunga pamoja. Zilizobaki ni za udi wetu. Nimewasomea wenzangu jibu la babu, mpiga besi kashalegea.

babu_wa_mkunazini:
Basi mwendeeni mwimbaji wenyewe nyumbani kwao mumuombe ruhusa, msimalize kwa simu. Atakachokubali kiandikwe, kisha nyimbo zipelekwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa majina yote, lake la mashairi na lenu la mahadhi. Na huyo mpiga besi apewe kijana wa kumfundisha kuanzia sasa. Harusi isiyokuwa na besi haina miguu, na wapiga besi Mjini hapa ni wa kugombaniwa.

Mazoezi yenu siku gani? Fidla yangu ipo, nitakuja kukaa safu ya nyuma mpaka mpate mtu.