Tupeane uzoefu: mguu bandia uundwe vipi ili utufae zaidi?

Mwanzisha mada, Tanga
Wanajamvi, nawasalimu. Ninatumia mguu bandia wa chini ya goti, na ningependa tuelezane ni wapi kifaa hiki kinatushinda katika shughuli zetu na kingerekebishwaje. Nianze na kisigino. Fundi huulinganisha mguu na kimo cha kiatu ulichokwenda nacho karakanani. Nikikivua mlangoni kwa mwenyeji au msikitini, mguu wote huegemea nyuma na goti husukumwa, hata nikawa natembea kama anayepanda kilima juu ya sakafu tambarare. Napendekeza kifundo cha mguu ambacho mtumiaji anaweza kukirekebisha mwenyewe. Vifundo hivyo vipo, ila bei yake haishikiki.

Mkulima, Kilombero
Ahsante kwa mada, ndugu yangu. Mguu wangu wa kwanza ulifunikwa sponji ili ufanane na mguu halisi. Ulipendeza siku ya kukabidhiwa, lakini nilipoingia nao kwenye majaruba ya mpunga sponji ilinyonya maji, ikawa nzito na kunuka, nikaichana yote na kubaki na bomba tupu. Sasa natumia unyayo wa mpira unaofuata mfano wa Jaipur, uliobuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi kwa ajili ya watu wanaotembea peku, kuchuchumaa na kuketi chini. Ningeongeza tundu la kutolea maji na skrubu zisizoshika kutu.

Fundi wa viungo bandia, Moshi
Vikombe vingi tunavyotengeneza, yaani sehemu ya mguu bandia inayopokea kigutu (mguu uliobaki baada ya kukatwa), ni vya polipropilini, teknolojia iliyoenezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Plastiki hiyo ni nafuu, na tunaweza kuipasha moto tena na kupanua mahali panapobana. Udhaifu wake ni kwamba umbo lake halibadiliki lenyewe, ilhali kigutu hupungua kadiri siku inavyokwenda, na ndiyo maana tunawashauri kuongeza soksi. Mimi ningependelea kikombe chenye kipande kimoja kinachokazwa kwa kamba, mradi kisikatwe mahali panapobeba uzito.

Mama mshonaji, Temeke
Kaka fundi, kwetu huku shida ni jasho. Ifikapo mchana soksi ya silikoni ninayovaa kwenye kigutu inateleza, nami inanilazimu kuvua mguu, kujifuta na kuuvaa tena, hata nikiwa ndani ya daladala. Kitufe cha kufungulia pini inayoshikiza soksi hiyo kwenye kikombe kiko upande wa ndani, karibu na mguu mzima, na siwezi kukifikia bila kupandisha gauni mbele za watu. Je, hakiwezi kuhamishwa?

Fundi wa viungo bandia, Moshi
Kinawezekana kabisa kuelekezwa upande wa nje, dada yangu, lakini ni lazima uamuzi huo ufanyike kabla ya kikombe kufinyangwa. Ukienda kutengenezewa kingine, vaa gauni unalovaa kazini, ukae mbele ya fundi, umwonyeshe mkono wako unapofika.