Mauaji ya Rwanda: mbona lawama zote tunamtwika mshika panga?

Wakuu, kila Aprili hoja hii hurudi: waliowachinja Watutsi kule Rwanda mwaka 1994 ni vijana wasiosoma, elimu ingewazuia. Siikubali, na naomba tuijadili bila kufichana.

Mshika panga ana hatia yake, simtetei. Lakini tazameni Butare, mji wa Chuo Kikuu cha Taifa. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi mwenye shahada ya uzamivu, aliyazuia mauaji yasienee huko kwa siku kadhaa. Akafukuzwa kazi, baadaye akauawa. Aprili 19 rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, akaja kuwahutubia watu na kuwahimiza “wafanye kazi”. Kazi gani, kila mtu alielewa, na Butare ikageuka machinjio. Huyo Sindikubwabo kitaaluma alikuwa daktari wa watoto.

Kule Mugonero, Kibuye, Watutsi walikimbilia kanisa na hospitali ya Waadventista, wakauawa humo humo. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha iliwatia hatiani daktari wa hospitali hiyo, Gérard Ntakirutimana, na baba yake, mchungaji Elizaphan, kwa kushiriki mauaji ya kimbari: mwana kifungo cha miaka 25, baba 10. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mama aliyebeba mtoto usiku kwenda hospitalini alikwenda kwa sababu alimwamini daktari. Kama si imani hiyo, huenda angejificha porini.

Nitaambiwa wapo wasomi waliouawa kwa kuipinga siasa ya chuki. Ni kweli, na Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyekuwa mwalimu wa kemia, aliuawa Aprili 7, siku ya kwanza kabisa. Sisemi shahada humfanya mtu muuaji. Nasema cheo cha msomi kiliyapa mauaji sura ya amri halali, na anayekivaa anadaiwa zaidi.

Sasa taasisi zenyewe. Arusha ilishtaki watu, haikushtaki kanisa, hospitali wala chuo. Padri Athanase Seromba alifungwa maisha kwa yaliyotokea Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani. Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake Machi 2017, miaka 23 baadaye. Mimi naona kila taasisi ilipaswa kufungua majalada yake mapema na kueleza nani alijua, nani alinyamaza. Nyinyi mnasemaje, kumfunga mtu mmoja mmoja kunatosha?