Nyaraka za seva za barua pepe zimeandikwa kwa anayejua tayari, mgeni afanyeje?

Wakuu, leo naomba nitoe dukuduku langu.

Hii ni siku ya nne nahangaika kusimamisha seva ya barua pepe. Programu siitaji, maana karibu zote nilizojaribu zina ugonjwa uleule. Unafungua nyaraka, unakutana na orodha ya vigezo, yaani vipengele vya kurekebisha seva, kwa mpangilio wa alfabeti. Mamia! Kila kimoja kimeelezwa kwa usahihi, hilo sibishi. Ila mgeni hajui hata kigezo anachokitafuta kinaanza na herufi gani.

Natuma barua kutoka kwenye kompyuta yangu, narudishiwa kosa 554 5.7.1, yaani seva imekataa kuipitisha. Nyaraka zinanielekeza kwenye sera ya upitishaji. Nikifika huko, naambiwa sera inategemea orodha ya mitandao inayoaminika. Nikienda kwenye orodha, nafundishwa namna ya kuandika anwani za IP. Hakuna mahali panaposema hivi: wewe uliye nje ya seva, ingia kwa jina na nywila kupitia poti 587 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba), na poti 25 waachie seva zinazopelekeana barua. Sentensi moja tu. Imenigharimu siku mbili.

Tena ni hatari. Mtu akishakata tamaa anaokota maelekezo yoyote mtandaoni, anaandika 0.0.0.0/0 kwenye ile orodha, barua inakwenda, anafurahi. Kumbe ameruhusu dunia nzima itume kupitia kwake. Watuma taka wakiigundua, IP yake inaingia kwenye orodha nyeusi, halafu sisi tunamwita mzembe. Mimi mwenyewe nilishaiandika hiyo mistari, nikaifuta kabla sijawasha upya seva.

Haya, barua ikatoka. Ikaangukia kwenye taka. SPF, DKIM, DMARC (njia za kuthibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenye kikoa chako), rekodi ya PTR (inayoonyesha IP ni ya seva yenye jina gani): nyaraka zinapita juu juu kana kwamba hayo hayawahusu, wakati tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF au DKIM hata kwa mtumaji mdogo. PTR ndiyo iliyonimaliza. Jioni nzima naiweka kwenye rekodi za kikoa changu, haifanyi kazi, kumbe anayeiweka ni mwenye IP, yaani aliyenikodisha seva!

Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia "soma nyaraka". Nimezisoma, kurasa nyingine mara tatu.

Ninachotaka ni ukurasa mmoja unaoifuata barua moja tangu inapotumwa: inapokelewa kwa poti gani, seva inaulizaje rekodi ya MX (inayotaja seva inayopokea barua za kikoa), inagonga wapi, inahifadhiwa kwenye faili lipi, na katika kila hatua nitegemee kuona mstari gani kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva. Vigezo vije baadaye.

Mwenye mwongozo wa namna hiyo auweke hapa, hata kama ni wa programu nyingine. Niko tayari kuanza upya.